Kope za Honorine

Watu wa Peirassa, kijiji cha milimani, walikuwa wakiazima macho ya Honorine Ciaudano kama wengine wanavyoazima ngazi. Mbuzi akipotea, mwenyewe alikwenda kugonga mlango wa Honorine. Yeye alitoka, akifuta mikono kwenye aproni, akasimama ukingoni mwa barabara na kuutazama mlima wa pili kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Kisha alisema, "Yuko pale, chini ya lile jiwe lenye ufa. Anatafuna, wala hana habari na wewe." Na kweli alikuwa pale. Honorine alipita umri wa miaka hamsini bila kuvaa miwani, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko lilivyohitaji kutajwa.

Mumewe, Baptistin, alikuwa fundi wa kuta za mawe. Mashamba ya mizeituni ya milima ile yamekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi inashikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Mvua za vuli zinabomoa, Baptistin anajenga, mvua zinarudi, naye anarudi. Alikuwa mtu mkimya. Hakuwa na kinyongo na mtu, ila maneno hayakumtoka. Honorine alisema kwa ajili ya wote wawili, na kazi hiyo hakuilalamikia.

"Tistin wangu," aliwaambia wateja wake sokoni huku akiwafungia jibini ya mbuzi, "akiniomba chumvi na kuniambia mvua inakuja siku hiyo hiyo, namtandikia kitanda. Najua anaumwa."

Jambo lililompata Honorine lilimpata asubuhi moja ya mwezi wa Mei, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Alikuwa nyuma ya banda la mbuzi, anang'oa magugu chini ya ukuta. Jiwe moja lilikuwa limeanguka. Akaliinua alirudishe mahali pake, na mara akahisi mchomo kwenye kidole cha shahada, kama mwiba wa waridi. Akamwona nyoka mwenyewe akijivuta kurudi kwenye ufa, bila haraka: kifutu wa milima yetu, mfupi, rangi ya udongo mkavu, michirizi myeusi mgongoni, pua imebinuka juu kidogo kama ya mtu anayejisikia.

Kifutu hakuwa mgeni kwa Honorine. Kila mtu Peirassa alijua mtu akiumwa inakuwaje. Mkono unaumuka kama mkate, unageuka rangi ya zabibu, mtu anatapika, anapelekwa hospitali, anarudi na hadithi ya kusimulia hadi Krismasi. Lakini kidole chake kilivimba kidogo tu kisha kikatulia. "Ameniuma kavu huyu," aliwaza, "hakutoa sumu." Akaosha kidole kwa sabuni, akakifunga kitambaa, akaenda kupika, maana Baptistin alikuwa anarudi kula mchana.

Baptistin alipoingia alimkuta mkewe ameketi mezani, kidevu kimeelekea dari, anamtazama kwa chini ya kope kama mtu anayechungulia chini ya mlango.

"Kaeni," alisema Honorine. "Supu ipo."

Baptistin akageuka kutazama nyuma yake. Alikuja peke yake.

"Nani tukae?"

"Wewe na huyo mwenzako."

"Norine."

"Nawaona wawili, Tistin. Na wote wawili hamjanyoa."

Alijaribu kucheka, uso ukakataa. Akachota supu apate kutulia, supu ikagoma kooni, ikarudia puani. Hapo ndipo Baptistin alipokiona kile kitambaa kwenye kidole. Hakuuliza. Alimbeba mkewe, ambaye hakuwa mwanamke mwepesi, akamwingiza kwenye gari lao dogo la kubebea mawe, akaanza kuteremka kuelekea mjini kwa ile barabara ambayo haijui kunyooka.

"Usilale," alimwambia.

"Mimi silali. Ni macho yanayolala." Ulimi ulikuwa umekuwa mzito, maneno yalitoka yamevaa soksi. Aliinua kope moja kwa kidole, akaona barabara mbili zikipishana, akaiachia ishuke. "Ongea, Tistin. Nikikusikia nitajua bado nipo."

"Niseme nini?"

"Chochote. Umeweka akiba miaka yote hii. Toa."

Basi Baptistin akaongea. Kwanza aliongea kuhusu ukuta aliokuwa akiujenga kule kwa Rastelli, jinsi mawe ya pale yalivyo ya mviringo na hayataki kukaa. Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema kwamba usiku wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, watu wanapocheza ngoma kuzunguka moto, walipokuwa vijana, alimwona akicheza amevaa viatu vya dada yake vilivyompwaya, na kwamba tangu hapo hajawahi kuona mtu akicheza vizuri vile. Akasema aliogopa sana binti yao alipohamia Marseille, akaenda kukaa bandani na mbuzi ili asionekane. Akasema supu ya dengu haipendi. Hajawahi kuipenda. Aliila mara ya kwanza nyumbani kwa mama mkwe kwa adabu, na baadaye akaona amechelewa kusema.

Honorine alitoa sauti fulani ambayo ingekuwa kicheko kama midomo ingekubali.

"Na usiponyamaza ndani ya nyumba," alisema Baptistin, akikata kona, "mimi najua nyumba imejaa. Ndiyo maana sisemi. Naogopa kukukatiza."

Daktari aliyewapokea alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa uchovu. Alimmulika Honorine kwa tochi, akaziinua kope moja moja, zikaanguka zenyewe kama mapazia. Alimvuta Baptistin pembeni, akamwambia kwa upole kwamba inaonekana ni kiharusi.

Baptistin akamwonyesha kidole. "Ni kifutu."

"Mzee, kifutu wa kwetu anavimbisha. Anaharibu damu. Hafungi macho. Wanaofunga macho ni akina swila, na swila hawapo huku."

"Ni kifutu," alisema Baptistin mara ya pili, na kwa mtu kama yeye, kulirudia jambo ilikuwa sawa na wengine kupindua meza.

Daktari akatazama kidole, akamtazama Baptistin, akaenda kupiga simu kwenye kituo kinachoshughulikia sumu. Alikaa huko kidogo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. "Nimekosea," alisema. "Wanasema wamepata wengine kama yeye, wachache, wote kutoka milima hii hii. Tunampa dawa ya kupinga sumu sasa hivi."

Dawa ikaingia kwa mshipa. Honorine alilala akisikia kila kitu, haoni kitu. Mara kwa mara alihisi kidole gumba kigumu, kilichochubuka kwa mawe, kikiinua kope yake taratibu, na mwanga ukaingia.

"Ni mimi."

"Mko wangapi?" alitania Honorine.

"Bado unaona wawili?"

"Wawili. Lakini mmeanza kukaribiana."

Siku zilizofuata wale wawili walisogeleana hadi wakawa mmoja, kope zikajishikilia zenyewe, na Honorine akarudi Peirassa akiwa na njaa na hamu kubwa ya kusimulia.

Lakini hadithi yake haikupokelewa. Peirassa ilikuwa na maoni yake kuhusu vifutu tangu zamani, na mkono wa Honorine haukuwa umegeuka rangi ya zabibu. Mkono ulikuwa mzima. Mwanamke aliyeona waume wawili saa ya chakula cha mchana, ulimi ukiwa mzito, watu walijua kumwelezea kwa njia rahisi zaidi. Félicien, mwenye mgahawa wa uwanjani, ndiye aliyeanza.

"Norine," alimwambia mbele ya wanaume waliokuwa wakicheza mchezo wa kurusha tufe, "huyo nyoka wako anauzwa kwa glasi au kwa chupa?"

Wakacheka. Honorine naye akacheka, akajibu kitu, hakumbuki nini. Lakini aliondoka na mkate wake bila kupitia kwa jirani yake kama kawaida yake. Siku nyingine mtu alisema, "Tahadhari, Honorine anapita, wote tuhesabiwe mara mbili." Aliyesema hivyo alikuwa mtu ambaye Honorine alikuwa amemtafutia mbuzi zaidi ya mara moja. Honorine akaacha kusimama ukingoni mwa barabara. Wakimgongea kuhusu mbuzi alisema macho hayajapona sawasawa, na huo ulikuwa uongo.

Kulikuwa na jingine, ambalo hakumwambia mtu. Baptistin alikuwa amerudi kwenye ukimya wake. Honorine alingoja. Alimtega mezani, akamtega bustanini.

"Siku ile garini uliongea vizuri," alimwambia mwishoni.

"Ulikuwa unaumwa."

"Kwa hiyo niumwe tena?"

Baptistin alifikiri, akatoka kwenda kuwaangalia mbuzi. Hata hivyo supu ya dengu haikupikwa tena katika nyumba ile.

Mwezi wa Agosti akaja mwanamke mmoja kwa basi kutoka mjini. Alikuwa na mabega mapana, amevaa gambuti kwenye joto lile, jasho linamtiririka, mkononi ana fimbo yenye kulabu na begani mifuko ya kitambaa. Aliuliza nyumba ya Honorine Ciaudano. Alijitambulisha mlangoni: Bertille Aubanel, mtafiti wa sumu za nyoka, ametoka Paris, kituo cha sumu ndicho kilichomwelekeza.

Honorine alimzibia mlango. "Umekuja kuninusa mdomo?"

"Nimekuja kumwona nyoka wako," alisema Bertille. "Wewe nilikuamini tangu Paris. Na naomba maji."

Alipewa maji, akapewa kiti, akapewa pai ya spinachi iliyokuwa imetoka jikoni. Alikula kama mtu aliyelima. Honorine alimtazama akila, na moyo ukaanza kulainika, maana hakuna alichokipenda kama mtu anayekula bila kujibana.

"Sasa niambie," alisema. "Yule aliniwekea nini?"

Bertille akafuta midomo. "Madamu Honorine, sumu ya nyoka ilianza jikoni mwa mwili. Wewe, mimi, mbuzi wako, sote tuna kitu kwenye kongosho kinachovunja mafuta ya chakula. Kifutu ana ndugu wa kitu hicho kwenye tezi zake za sumu."

"Ndugu wa kongosho langu ndiye aliyenifumba macho?"

"Ndugu wa mbali. Kila kitu mwilini kina maagizo ya kukitengeneza, ndiyo hayo tunayoyaita jeni. Mara chache sana, mzazi anapomrithisha mtoto, agizo moja linanakiliwa mara mbili. Mtoto anazaliwa nayo mawili. La kwanza linaendelea na kazi. La pili halitegemewi na mtu, hata likiharibika hakuna anayekufa. Basi linaharibika kidogo hapa, kidogo pale, kizazi hadi kizazi. Mengi yanaishia kuwa takataka tu. Lakini moja moja linapata kazi mpya. Hili lako halivunji tena mafuta ya kula. Linakwenda kukaa pale neva inapokutana na msuli, linaifunga neva mdomo. Msuli haupati habari, unalegea. Na misuli midogo ya macho ndiyo inayotangulia."

Honorine alikitazama kidole chake, na Baptistin, aliyekuwa amesimama mlangoni, akainua uso.

"Kwa hiyo nimeumwa na kosa la kunakili."

"Makosa mengi, moja juu ya jingine. Chukua mjusi. Akiumwa na nyoka wa kawaida anakimbia, anakwenda kufia mbali, pengine nyoka asimpate. Akiumwa na huyu wako anaanguka palepale. Nyoka anakula, anapata nguvu ya kuzaa, watoto wanarithi lile kosa."

"Na mijusi wanakubali tu?"

"Hawakubali. Wapo mijusi ambao sumu haiwashiki vizuri. Hao ndio wanaobaki na kuzaana. Basi sumu inayobaki na faida ni ile iliyobadilika tena."

"Haiishi."

"Haiishi."

"Mbona vifutu wa kwingine hawafungi watu macho?"

Bertille akaweka uma chini. "Hilo ndilo linaloninyima raha. Pengine wengi wanalo agizo hili, ila limelala, mwili hausomi. Huku kwenu limeamka. Au pengine zamani bibi zao walikutana na vifutu wa upande wa mashariki walio nalo, wakachanganya damu. Sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Ndiyo maana nimevaa gambuti."

Honorine alimkatia kipande kingine cha pai, kikubwa kuliko cha kwanza.

Ilibidi waende kwenye ukuta. Honorine hakuwa amepita nyuma ya banda tangu Mei. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Alisimama mbali, mikono ameificha kwapani. Baptistin ndiye aliyetoa mawe, moja baada ya jingine, akiyapanga chini kwa mpangilio ule ule ili yarudi yalivyokuwa. Ukuta ule aliujenga mwenyewe mwaka waliooana. Bertille alimsifu kwamba nafasi alizoacha kati ya mawe ni nyumba safi kwa nyoka, zina joto na hazishiki maji. Baptistin hakujua kama ashukuru.

"Huyo," alisema Honorine ghafla, kutoka kule mbali alikosimama. "Kushoto, chini ya lile la kijivu. Amejikunja."

Bertille hakuona kitu. Akasogeza fimbo mahali alipoonyeshwa, na kweli kulabu ikatoka na nyoka, mnene, mzito, tumbo limejaa.

"Ana mimba," alisema Bertille. "Tena ya kukaribia."

Wakamtia kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo, wakaliweka juu ya meza ya jikoni kwa kuwa ndipo palipokuwa na ubaridi. Bertille alikuwa bado anajiandaa kumkamua sumu pale nyoka alipoanza kuzaa. Kifutu hatagi mayai, anazaa. Watoto walitoka kila mmoja ndani ya utando mwembamba kama ngozi ya zabibu, wakatulia, kisha utando ukapasuka na kichwa kidogo kikatoka, na ulimi ukatoka kunusa dunia. Honorine alikuwa amezalisha mbuzi maisha yake yote. Alisogea. Alisogea tena, hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mkubwa huyo amekwama," alisema.

"Atatoka mwenyewe."

"Najua atatoka. Namwambia mama yake."

Baada ya muda alisema, "Na sumu wanayo tayari?"

"Tayari."

"Vipande vya uzi hivi?"

"Vipande vya uzi hivyo."

Habari kwamba kuna nyoka wanazaliwa kwenye meza ya Honorine zilifika uwanjani haraka. Félicien akaja, koleo mkononi, wengine wawili watatu nyuma yake wakichungulia.

"Basi tuwamalize hapa hapa," alisema akiwa mlangoni. "Norine, wewe kaa pembeni, usije ukaua mara mbili wale ambao hawapo."

Baptistin alikuwa ameketi pembeni mwa jiko. Akainuka.

"Félicien," alisema. "Nyamaza kidogo."

Félicien alishangaa hata akatii.

"Nilimbeba mimi hadi garini. Nilimshika kope kwa kidole gumba changu, nikamwinulia, akanitafuta hakunipata. Mke wangu, aliyewatafutia ninyi wote mbuzi. Hakuwa amelewa. Alikuwa anakufa, na alikuwa ananitania mimi ili nisiogope. Wewe umemcheka tangu Mei. Mimi nimekaa kimya tangu Mei, na hilo ni kosa langu kuliko lako. Sasa weka koleo nje, au uondoke nalo."

Félicien alilitazama koleo kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake. Akalitoa nje. Kisha akarudi, akavua kofia, akasogea taratibu hadi kwenye kioo kutazama. "Wadogo hivi," alisema, kwa kukosa la kusema. Siku mbili tatu baadaye alileta tikiti maji, akaliweka kizingitini na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Honorine wakati ule wote alikuwa amewapa wanaume mgongo, anawatazama nyoka. Hakuwa anawaona vizuri, lakini sumu haikuhusika.

Bertille alikaa nao hadi mwisho wa mwezi, akakamata wengine upande ule wa mlima na upande wa pili. Kisha akaondoka na mifuko yake. Wakati wa baridi alipiga simu. Yule mama alikuwa nayo, ile sumu ya neva. Vifutu wa upande wa pili wa mlima hawakuwa nayo hata chembe. Na wale watoto waliozaliwa mezani, baadhi walikuwa nayo kama mama yao, wengine hawakuwa nayo kabisa.

"Tumbo moja?" aliuliza Honorine.

"Tumbo moja."

"Kama aliyenipata mimi angekuwa ndugu yake tu, ningevimba kama watu wengine."

"Ndiyo."

Sokoni alilieleza jambo hilo kwa kila mteja: kongosho, agizo lililonakiliwa mara mbili, mijusi. Jibini ilikawia kuuzwa, ila hakuna aliyeondoka kabla hajamaliza. Hospitali za eneo lile zikapewa taarifa ya dalili hizo, na mvunaji mmoja wa lavenda, alipoletwa majira ya joto yaliyofuata kope zimemwanguka, alipewa dawa bila mtu kutaja kiharusi.

Bertille alirudi kila mwaka. Vifutu aliokuwa amewachukua aliwarejesha mlimani mmoja mmoja, kama alivyoahidi, ila kwa ombi la Honorine aliwaachia juu kwenye magofu ya nyumba zilizohamwa, mbali na mbuzi. Walikuwa wameshaacha kuitana Madamu. Mwaka wa tatu ndipo alipowashawishi kwenda Paris, na Baptistin, ambaye hakuwahi kupanda treni ya kwenda mbali, alivaa suti yake ya harusi ikambana mabegani.

Katika maabara Bertille aliwafungulia kabati la baridi, akatoa kichupa cha sumu, kidogo kuliko kidole. Ndani mlikuwa na vumbi la njano, kidogo tu, kama poda ya ua iliyobaki kwenye mguu wa nyuki.

"Ndiye yeye?" aliuliza Honorine.

"Ndiye. Amekaushwa."

Aliomba kukishika. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakaa nacho muda mrefu, hadi Bertille akamtazama Baptistin na Baptistin akatikisa kichwa kumaanisha mwache.

"Mzuri," alisema Honorine hatimaye, akamrudishia.

Wakatoka kwenda kula. Baptistin alisema mkate wa Paris hauna chumvi, akalisema tena kwenye treni, akalisema tena walipofika nyumbani. Honorine alimsikiliza mara zote tatu.